Rangi Nyeupe Chini ya Antena

Mwezi uliopita nilikuwa Kasulu, nimepiga goti mbele ya bampa la gari la watu, nakwangua rangi kwa msasa. Goti langu la kulia siku hizi halikubali kukaa hivyo zaidi ya dakika kumi, kwa hiyo nilikwangua, nikasimama, nikanyoosha mgongo, nikarudi tena. Kazi hii nimeifanya miaka mingi na sasa imenichosha. Nakuambia wewe tu. Wenye magari huwa siwaambii. Hawa wa Kasulu walikuwa wamenunua redio ya mawasiliano kwa ajili ya gari linalokwenda msituni, mbele ya Kagerankanda, kule ambako simu inabaki kuwa tochi. Wakanitafuta mimi, maana mafundi wa kufunga na kupima antena za redio kwenye magari mkoa huu tumebaki wachache, na wenzangu wawili niliokuwa nikiwategemea wameshahamia kuuza simu.

Dereva wao, kijana mwenye kofia ya pamba kwenye jua la saa sita, alikuja akasimama pembeni yangu na kuniuliza, "Dada, mbona unaichuna ndinga? Hapo si patashika kutu?" Nikamjibu kwamba antena haifanyi kazi kama chuma chake hakijagusa chuma cha gari. Akaguna, akarudi kwenye simu yake. Mimi nikabaki na vumbi jeupe la rangi vidoleni, lenye ile harufu kavu inayokaba koo, na nikajua siku hiyo sitaimaliza kazi bila kumfikiria mzee mmoja mwenye duka mitaa mitatu kutoka pale. Kwa miaka yote ninayokuja Kasulu nimekuwa nikipita njia ya nyuma ili nisionane naye.

Ngoja nikurudishe Kibondo, ndipo utanielewa.

Nilikulia pale miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakiingia kwa makundi, na mji wetu mdogo ukajaa magari meupe ya mashirika. Kwetu ilikuwa nyumba ya udongo yenye bati, hatua chache kutoka yadi ya magari. Asubuhi za kule juu ni za baridi, na ukungu ulikuwa ukikaa kwenye migomba hadi saa tatu. Sauti ya kwanza niliyoisikia kila siku haikuwa ya jogoo. Ilikuwa ile mikwaruzo ya redio kutoka kwenye chumba cha mawasiliano, mwanamke akiita magari moja moja kwa namba na kila gari likiitika. Nilizijua namba zote kabla sijajua kusoma vizuri. Harufu ilikuwa ya muhogo ulioloweshwa, na mchana tulikula ugali wake kwa maharage yaliyoungwa na mawese, au sombe, yaani kisamvu, siku ambazo mama alipata muda wa kutwanga.

Baba ndiye aliyekuwa akifunga redio za magari yale. Mama alikuwa muuguzi, na kila Alhamisi alipanda mojawapo kwenda kliniki za vijijini, Gwarama mpaka Nyabibuye karibu na mpaka. Bibi, mama yake baba, alibaki nyumbani na mimi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu; nyumbani kila kitu kilikuwa Kiha, kuanzia salamu ya asubuhi, mwakeye, hadi ugomvi wa jioni.

Kama hujawahi kuona antena ikifungwa kwenye gari, usidhani ni kazi ya kukaza bolti na kuondoka. Baba alianza na mahali. Alichagua sehemu kwenye bampa la mbele, akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, upana wa kiganja cha mtoto. Hapo ndipo ilipokaa breketi, kile kipande cha chuma kinachoshika antena. Kisha akapitisha kebo, akaifunga isiguse injini, akaiingiza ndani hadi kwenye redio. Baada ya hapo gari lilitolewa yadini kwenda uwanja wa mpira, mbali na mabati na nyaya, milango ikafungwa yote, na hakuna aliyeruhusiwa kuliegemea. Baba alikaa kwenye kiti cha mbele na mita yake mapajani. Alibonyeza kidude cha kuongelea, akaangalia mshale. Mshale ukipanda, maana yake sauti haitoki yote, nyingine inagonga na kurudi ndani ya redio, na redio inaweza kuungua. Basi anashuka, anapunguza fimbo ya antena kwa upana wa ukucha, anarudi, anabonyeza tena. Anashuka tena. Mimi nilikaa chini mbali kidogo na daftari, nikiandika namba anazozitaja, na ilikuwa ni fahari ambayo sijaipata tena katika kazi yoyote.

Alikuwa hana haraka, na hilo liliwaudhi madereva wote isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa mtu wa Ujiji, Mwislamu, mrefu, mwenye kanzu safi ya Ijumaa na masikio makubwa ambayo watoto tuliyacheka kwa siri. Gari la mama la Alhamisi ndilo lilikuwa lake. Alilipenda lile Landkruza kuliko watu wengi aliowafahamu. Aliliosha kwa sifongo wakati wenzake wanatumia ufagio, na alitembea na kopo dogo la rangi nyeupe ya mafuta kwa ajili ya mikwaruzo. Baba alipokwangua bampa, yule bwana alishika kichwa. Baba akamchezea shere kwamba mkewe wa chuma ametobolewa sikio tu, atapona. Walikuwa marafiki wa namna hiyo. Kila mchana walikula sahani moja kwenye kivuli cha karakana, baba Mkatoliki na yeye wa msikitini, na mwezi wa Ramadhani ulipofika baba alikuja kula nyumbani ili asile mbele ya macho ya mwenzake. Sikukuu ya Idi ikifika, sufuria la pilau lililetwa kwetu na bibi akalipokea kwa mikono miwili akimwombea heri kwa Kiha, asijue yule bwana haelewi hata neno.

Sasa nisikilize hapa. Baba alimwonyesha dereva ile sehemu iliyokwanguliwa, mimi nikiwa nimesimama katikati yao, akamwambia kwamba anaweza kupaka rangi pembeni kote anakotaka, ila hapo chini ya breketi pasiguswe hata na tone. Dereva aliahidi. Nilisikia kwa masikio yangu.

Kila Jumamosi kazi yangu na bibi ilikuwa kusiriba nyumba. Tulikanda udongo, tukapaka ukuta kwa viganja, tukamalizia na ule udongo mweupe uliotoka mtoni. Bibi alikuwa mkali kwenye jambo hilo. Aliniambia mgeni hataona ukuta wote niliousiriba. Ataona ile sehemu moja niliyoiruka, na atakwenda kuisema. Aliponikuta nimeacha doa, alinirudisha na kunisimamia mpaka niliridhishe jicho lake. Nilikuwa na miaka minane, na nadhani kwa umri ule nilikuwa naamini kwamba duniani hakuna aibu kubwa kuliko mahali palipoachwa wazi.

Jumamosi moja tulimaliza mapema. Nikakimbilia yadini na mikono bado imekauka udongo. Dereva alikuwa ameilegeza antena na kuitoa pamoja na breketi yake ili apake rangi mikwaruzo ya bampa. Alikuwa amemaliza, na kazi yake ilikuwa safi, amezungushia rangi vizuri na kuliacha lile eneo la katikati kama alivyoambiwa. Adhana ikaita. Akaniambia nimlindie kopo lake kuku wasilimwage, anaenda kuswali na kurudi.

Nilikaa pale nikiliangalia lile doa. Bampa lote jeupe, na katikati pamebaki kidonda cha kijivu. Sitakudanganya kwamba nilikuwa nimesahau maneno ya baba. Nilikuwa nayakumbuka. Lakini brashi ilikuwa hapo, na mikono yangu ilikuwa imefanya kazi hiyohiyo tangu asubuhi, na nikajiambia kwamba rangi kidogo nyembamba haiwezi kuzuia kitu. Nikapaka. Nikapaka hadi ndani ya matundu ya bolti, maana bibi hakutaka pembe ziachwe. Pakapendeza sana. Nikashangilia peke yangu.

Kisha nikaogopa. Ikakauka upesi juani, na hapo ndipo nilipopata akili ya pili, iliyokuwa mbaya kuliko ya kwanza. Nilichukua breketi nikairudisha mahali pake, nikapitisha bolti na kuzungusha nati kwa vidole kama nilivyomwona baba akifanya mara mia. Rangi yangu ikafichika yote. Dereva aliporudi alinisifu kwamba nimekuwa fundi mtupu, akachukua spana akakaza. Hakuinua kitu kuangalia chini, na kwa nini angeinua?

Jumatatu na siku zilizofuata gari liliitwa kwenye redio asubuhi na likaitika vizuri, kwa sababu chumba cha mawasiliano kilikuwa hatua mia mbili tu kutoka pale, na umbali huo hata redio mbovu inafika. Nikatulia. Nikaona nilikuwa sahihi na baba alikuwa anazidisha.

Alhamisi mvua ikanyesha kuanzia saa saba. Barabara ya Nyabibuye siku za mvua inateleza kama sabuni, na miaka ile kulikuwa na jambo jingine lililotutia hofu zaidi ya utelezi, majambazi waliokuwa wakivizia magari ya mashirika. Ilipofika saa kumi, gari la mama liliitwa, halikuitika. Likaitwa tena. Baba akaacha kazi akaingia chumba cha mawasiliano, akamwomba yule mwanamke kipaza sauti, akaanza kuita mwenyewe. Mimi nilisimama mlangoni. Aliita namba ya gari, kisha akaacha utaratibu wote wa redio akaita jina la mama tu. Iliyorudi ni ile mikwaruzo tu. Nilijua. Huwezi kuamini jinsi mtoto wa miaka minane anavyoweza kujua kitu kizima kizima, mwanzo hadi mwisho, na akasimama tu mlangoni.

Walifika kesho yake mchana, wamevutwa na trekta la watu wa kijiji. Gari lilikuwa limeingia mtaroni mbele ya Gwarama, mama amevunjika mkono, na usiku mzima walikuwa wamejifungia ndani bila kuwasha taa. Mama alishuka akamwangalia baba na neno la kwanza alilosema lilikuwa hili:

"Nilikuwa nakusikia. Ulikuwa unaniita na mimi nakujibu."

Baba alikwenda moja kwa moja kwenye bampa na spana yake, akafungua breketi, na mbele ya mkuu wa yadi na madereva wote ikaonekana rangi nyeupe, nene, hadi ndani ya matundu. Akamwita rafiki yake. Hakupaza sauti.

"Nilikwambia hapa pasiguswe."

Dereva aliinama akaangalia. Alikuwa na matope hadi kiunoni na hajalala. Niliona jinsi uso wake ulivyoshangaa, na ulikuwa mshangao wa kweli, lakini mtu aliyeshikwa na kosa na mtu asiyejua kosa wakati mwingine wanafanana. Akaweka mkono kifuani.

"Wallahi sikupaka. Nilipaacha kama ulivyoniambia."

"Rangi haijipaki, bwana. Kopo ni lako."

Nilikuwepo. Nilikuwa nimebeba karai la muhogo niliotumwa na bibi, na nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili. Nilimwangalia dereva nikidhani atanikumbuka, kwamba nilikaa na kopo lake. Hakunikumbuka, au kama alinikumbuka hakuweza kufikiria kwamba mtoto wa fundi ndiye angefanya hivyo. Mkono wa mama ulikuwa umefungwa kwa kanga. Nikaona nikisema, mkono ule utakuwa wangu. Nikanyamaza, nikapeleka muhogo nyumbani.

Dereva akaondolewa kwenye lile gari, akapewa lori la kusomba kuni. Haikupita miezi miwili akaacha kazi akahama Kibondo. Baba hakumlalamikia hadharani, ila hakumtaja tena. Mchana alianza kula nyumbani, na bibi aliuliza mara kadhaa yule mtu wa pilau kaenda wapi, mpaka akachoka kuuliza. Baba alisema jambo moja tu nililolisikia, akimwambia mama: kwamba angeweza kumsamehe kosa la rangi, ila kiapo cha uongo kilimshinda.

Na mimi nikakua na kuwa fundi wa antena. Watu husema nimerithi mkono wa baba. Nawaacha waseme.

Baba alifariki miaka minne iliyopita. Tulimzika kijijini kwetu, nje kidogo ya Kasulu. Nilikaa naye hospitali wiki tatu, na kila siku nilijiandaa kumwambia, na kila siku alikuwa amechoka mno, au mimi nilijiambia hivyo. Akaenda na neno lake.

Basi mwezi uliopita, baada ya kufunga ile antena, nililitoa gari nje ya mji nikapima. Nilishuka na kupanda mara saba mpaka mshale ukalala. Yule kijana aliniuliza kama tumemaliza, maana amechoka. Nikamwambia hata mimi. Nikamkabidhi funguo, nikabeba mkoba wangu, na badala ya kupita njia ya nyuma nikapita ya mbele.

Duka ni la vipuri vya baiskeli. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, masikio yaleyale, ndevu nyeupe. Nilimwamkia, akaitikia, akaniangalia kwa muda. "Wewe ni binti wa fundi," akasema. Sauti yake haikuwa na kheri wala shari. Akamwambia mjukuu wake aniletee kiti. Nilikataa kiti, maana nilijua nikikaa nitaanza kuzungumza habari za afya na mvua. Nikamwambia nikiwa nimesimama: ile Jumamosi, kopo, brashi, matundu ya bolti, nati nilizozungusha kwa vidole. Nikamwambia kwamba baba alikufa akiamini ameapiwa uongo.

Mteja alikuja akitaka tairi la ndani, mzee akampa, akarudi akaketi. Nilitegemea anitukane. Ningefurahi, nakwambia ukweli, kama angenitukana.

"Mimi nilijua sikupaka," akasema hatimaye. "Kwa hiyo nilijua ni yeye. Nilisema kapaka mwenyewe, kasahau, mambo yalipoharibika akanitupia mimi. Nimeisema hivyo kwa miaka yote, mwanangu. Mpaka wajukuu zangu wanaijua."

Nikamwambia anisamehe. Akatikisa kichwa, na sikujua kama ni kukubali au kukataa.

"Siku ile ya maziko yake nilikuwa nimekaa hapahapa," akasema. "Niliambiwa ni nani. Msafara ukapita hapo barabarani, watu wote wa mtaa huu wakafunga milango, wakasimama. Mimi sikufunga. Sikusimama."

Siku hizi ukienda Kibondo, ile yadi ni nyasi tupu na nguzo mbili. Magari meupe yamepungua, chumba cha mawasiliano kimegeuzwa stoo, na palipokuwa na nyumba yetu ya kusiriba kuna mtu amejenga ya tofali. Hayo yote nimeyazoea. Ndivyo mambo yanavyokwenda. Nisichokizoea ni kwamba kulikuwa na watu wawili wanaokula sahani moja, wakaachana kila mmoja akimwona mwenzake mwongo, na wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Kuna jambo sikumwambia yule mzee. Siku ile ya maziko nilikuwa kwenye gari la mbele, upande wa dirisha. Nilimwona amekaa, mlango wake wazi, peke yake mtaa mzima. Mama mdogo aliyekuwa kando yangu akanong'ona, huyo ni nani asiye na adabu hivyo. Nikamwambia simjui.